Kobayi ameshiba, mbona anakufa?

Kila kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, swali lilelile huzunguka mji wetu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kutoka mtaa wa Kadutu hadi wa Bagira: kobayi alikuwa anakula vizuri, tumbo limejaa, hakuumwa na paka wala hakunyeshewa, lakini miguu ya nyuma imelegea na baada ya siku chache amekufa. Majibu hayakosekani. Mmoja atasema ni moshi wa jikoni, mwingine atasema ni jicho baya la jirani, mwingine kwamba kuna ugonjwa umeshuka kutoka Kabare. Wapo pia wanaowafariji watoto kwa kusema kobayi ndivyo alivyo, Mungu hakumpa maisha marefu. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, maana kobayi anayelishwa vizuri huishi miaka 5 hadi 7. Wengi wa wanaokufa mikononi mwa watoto wetu hawafi kwa uchache wa chakula. Hufa kwa sababu kuna kitu kimoja ambacho chakula hicho hakina.

Kobayi ninayemzungumzia ni yule mnyama mdogo asiye na mkia, mwenye masikio mafupi na mwili wa mviringo, ambaye Watanzania humwita simbilisi na ambaye vijijini kwetu wengi humwita dende. Wanasayansi humwita Cavia porcellus. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, katika nchi ambazo leo ni Peru, Bolivia na Ekwado, ambako alifugwa maelfu ya miaka kabla Wazungu hawajafika. Yumo katika jamii pana ya wanyama wagugunaji, pamoja na panya, na hapo ndipo kosa la kwanza linapozaliwa. Panya hula nafaka, nyama, mafuta, hata sabuni. Kwa kuwa kobayi anamfanana kidogo, watu humtupia kila kilichobaki kwenye sahani. Lakini kobayi ni mla majani, kama ng'ombe alivyo mla majani, na tumbo lake halikuumbwa kwa kitu kingine.

Katika Kivu Kusini mnyama huyu ana historia yake. Miaka ya vita, ng'ombe na mbuzi waliporwa vijiji kwa vijiji. Kobayi aliweza kufichwa, au kubebwa kwenye kikapu familia ilipokimbia. Ndiye mnyama wa kwanza ambaye mtoto humiliki, na mara nyingi ndiye anayeuzwa kununua daftari. Mjini sasa kuna familia zinazomfuga kwa mapenzi tu: ana jina, anapigwa picha, anapiga mluzi akisikia mlango ukifunguliwa. Iwe umemweka kwa ajili ya mapenzi, kwa ajili ya biashara au kwa ajili ya chungu, kanuni za chakula chake ni zilezile.

Kanuni hizo zimesimama juu ya vitu viwili. Cha kwanza ni nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ngumu ya jani na bua ambayo meno ya binadamu huitafuna na kuitema, kama makapi ya muwa. Cha pili ni vitamini C, kitu kidogo sana kisichoonekana, kilichomo ndani ya majani mabichi na matunda, ambacho mwili hukihitaji kila siku kwa kipimo cha miligramu tu. Nyuzinyuzi zinajaza tumbo. Vitamini C haijazi chochote. Kobayi anaweza kuwa nazo zote mbili, au moja bila nyingine, na ukimtazama kwa mbali hutaona tofauti mpaka amechelewa.

Meno na tumbo

Kobayi ana meno 20, na yote yanaendelea kukua maisha yake yote, ya mbele na magego pia. Yanapunguzwa kwa kusagana, na kinachoyasaganisha ni nyasi: anatafuna kwa kupeleka taya huku na huko, dakika baada ya dakika, saa baada ya saa, mchana na usiku. Akilishwa vitu laini, bugali au mkate au ndizi, hana cha kusaga. Magego ya chini huinama kuelekea ndani, yakakua mpaka yanaufunika ulimi. Hapo utamwona anakisogelea chakula, anakinusa, anakichukua, kisha anakiacha. Mate yanalowesha kidevu. Watu husema amekinai, wanambadilishia chakula. Hajakinai. Ana njaa na hawezi kumeza.

Imani moja niliyoikuta sana ni kwamba kumpa kobayi kipande cha mti agugune kunatosha kwa meno. Mti unasaidia meno ya mbele. Magego, ambayo ndiyo yanayoua, yanahitaji nyasi.

Tumbo lake nalo lina jambo lake. Sehemu kubwa ya kazi haifanyiki tumboni penyewe bali kwenye kifuko kikubwa kilicho mwanzoni mwa utumbo mnene, ambacho madaktari hukiita sekamu. Humo mna mamilioni ya bakteria wanaovundisha nyasi polepole na kuitoa nguvu iliyomo. Anayejua kutengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, atanielewa upesi. Ndizi mbivu ziko ndani ya mtungi, chachu inafanya kazi yake, na mwenye pombe haingilii: akizidisha kitu, akibadilisha kitu ghafla, akiacha uchafu uingie, mtungi mzima unaharibika, unafura na kunuka. Sekamu ya kobayi ni mtungi wa namna hiyo ambao haufungwi kazi hata siku moja. Ukimpa kobayi konzi ya mchele au pumba nyingi au kipande kikubwa cha mkate, wanga na sukari vinaingia humo, bakteria wabaya wanawazidi wazuri, gesi inajaa, tumbo linakuwa gumu. Na asipokula kabisa kwa saa nyingi, utumbo wenyewe unasimama. Kobayi aliyepitisha nusu siku bila kula hayuko kwenye mfungo, yuko hatarini. Zikipita saa 24, wengi hawarudi.

Ndiyo maana pia utamwona akiinama na kuchukua kinyesi moja kwa moja kutoka nyuma na kukila. Mama mmoja aliniuliza kwa masikitiko kama ni njaa imemfikisha hapo. Sivyo. Kobayi hutoa kinyesi cha aina mbili: kile kikavu kigumu unachofagia, na kingine laini kinachotoka kwenye sekamu kikiwa na protini na vitamini za kundi B zilizotengenezwa na wale bakteria. Hicho cha pili ni chakula chake halali, na ukimzuia utamdhoofisha.

Vitamini C, ndipo shida ilipo

Ini la mbuzi, la ng'ombe, la mbwa na la sungura hujitengenezea vitamini C kutokana na sukari iliyomo mwilini. Mnyama anaweza kukaa miezi bila jani bichi na vitamini hiyo isimpungukie. Ini la kobayi haliwezi. Kuna kimeng'enya kimoja kinachomaliza kazi hiyo, na kobayi hana. Binadamu naye hana, wala nyani. Katika jambo hili kobayi yuko karibu na wewe kuliko alivyo karibu na sungura anayelala naye banda moja.

Tena mwili wake hauwezi kuiweka akiba ya maana. Kinachozidi leo kinatoka na mkojo, na kesho anaanza upya. Kobayi mzima mwenye afya anahitaji miligramu 10 hadi 30 za vitamini C kwa kila kilo ya uzito wake kila siku. Mwenye mimba na anayenyonyesha yuko upande wa juu wa kipimo hicho. Kobayi wengi wa kwetu hawafiki kilo moja, kwa hiyo miligramu 10 hadi 20 kwa siku zinamtosha kobayi mzima wa kawaida. Ni kidogo mno, na ndiyo sababu inasikitisha kuona wanakufa kwa kuikosa.

Bila vitamini C mwili hauwezi kutengeneza kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, mishipa ya damu, ufizi na viungo. Baada ya wiki mbili hivi mishipa midogo huanza kuvuja. Damu huingia kwenye magoti na viwiko, viungo vinavimba. Ugonjwa huu unaitwa kiseyeye, na ni uleule uliowaua mabaharia wa zamani waliokula biskuti na nyama ya chumvi miezi mingi baharini.

Nilikuwapo mama mmoja alipomleta kobayi wake kwa muganga wa mifugo, amemfunika kwa kitenge. «Muganga, huyu si njaa. Mshike tumbo, limejaa.» Muganga alimshika tumbo, akakubali. Kisha akamgusa goti la nyuma kwa kidole kimoja, taratibu, na yule mnyama akapiga ukelele. Manyoya ya mgongoni yalikuwa yamesimama kama ya mnyama aliyenyeshewa, ingawa yalikuwa makavu. Muganga akamfungua mdomo: ufizi wa juu ulikuwa mwekundu wa kuiva, na pembeni ya jino palikuwa na damu kidogo. «Mama, anakula nini?» Pumba za mahindi, maganda ya viazi yaliyochemshwa, mabaki ya bugali, na nyasi kavu. Mwezi wa nane, majani mabichi ni ya kununua. Yote aliyotaja yalikuwa yanajaza tumbo. Hakuna hata moja lililokuwa na vitamini C ya kutosha.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1907 madaktari wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, walikuwa Kristiania, mji ambao leo ni Oslo, wakichunguza ugonjwa uliokuwa ukiwasumbua mabaharia. Walichukua kobayi wakawalisha nafaka na mkate tu. Wale kobayi walipata kiseyeye, na walipoongezewa kabichi mbichi au maji ya limau, wakapona au hawakuugua kabisa. Ilikuwa bahati kubwa kwamba walichagua kobayi: kama wangechagua panya, wasingeona kitu, kwa sababu panya hujitengenezea vitamini C. Mwaka 1932, mwanasayansi wa Hungaria Albert Szent-Györgyi na mwenzake walitumia tena kobayi kuthibitisha kwamba kitu alichokitenga miaka michache kabla ndicho hasa kinachozuia kiseyeye, na mwaka 1937 Szent-Györgyi akapata Tuzo ya Nobel. Vitamini C tunayonunua leo kwenye farmasi ilijulikana kwa sababu kobayi waliugua. Na zaidi ya miaka 100 baadaye bado tunawalisha chakula kilekile kilichowaletea ugonjwa kule Kristiania: nafaka na mkate.

Ampe nini, basi?

Msingi ni nyasi, siku zote, bila kupimiwa. Zisiishe bandani hata usiku. Nyasi mbichi za kawaida, matete machanga, majani ya mahindi na yale maganda ya kijani yanayofunika mhindi mbichi, majani ya mgomba. Kobayi anayekula nyasi mbichi anaweza kumaliza kwa siku karibu theluthi moja ya uzito wake, kwa hiyo fungu dogo analoleta mtoto asubuhi kabla ya kwenda shule halifiki jioni. Kukiwa na mvua na nyasi mbichi tele, vitamini C nayo imo humohumo, na ndiyo maana kuanzia mwezi wa kumi hadi wa tano kobayi wetu hunawiri hata kwa mtu asiyejua lolote.

Juu ya nyasi unaongeza majani mengine, kama kikombe kimoja kwa kila mnyama. Hapa Bukavu tuna utajiri. Matembele, yaani majani ya viazi vitamu, ni mazuri sana. Magugu mengi yanayong'olewa kwenye mashamba ya mboga yanaliwa kwa furaha: kishona nguo kikiwa kichanga kabla hakijatoa zile sindano, yale majani laini yenye ua dogo la bluu yanayotambaa mahali penye unyevu, na yale yenye viua vidogo vyeupe vyenye moyo wa njano. Mama wanaopalilia huyatupa njiani. Waombe, watakupa bure.

Kwa vitamini C pekee, hakuna kinacholishinda pera. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, karibu mara nne ya chungwa. Kipande chenye ukubwa wa kidole gumba kinamaliza haja ya siku nzima. Pilipili hoho, ile isiyowasha, ina kama miligramu 80 kwa gramu 100 ikiwa ya kijani, na zaidi ikiiva. Kwenye soko la Kadutu jioni huuzwa kwa mafungu zile zilizonyauka kidogo, na kwa kobayi hazina kasoro mradi hazijaoza. Chungwa lina miligramu 50 hivi, ila lina sukari na asidi, kwa hiyo pande moja dogo, mara mbili tatu kwa wiki. Kabichi, ambayo sisi tunaiita shu, inafaa kidogokidogo. Ukimpa nyingi kwa mkupuo inampa gesi.

Karoti inasifiwa kuliko inavyostahili. Watoto wameona kwenye vitabu mnyama mdogo ameshika karoti, na wazazi hununua karoti kwa moyo mwema. Gramu 100 za karoti hazifiki hata miligramu 10 za vitamini C, na sukari yake si haba. Kipande kwa wiki kama zawadi, sawa. Ndizi vivyo hivyo. Tango limejaa maji tu.

Lengalenga ni swali ninaloulizwa kila mara, kwa kuwa liko kila mahali na ni rahisi. Kobayi analipenda. Shida yake ni kwamba lina oksalati nyingi, na oksalati ikikutana na kalsiamu mwilini hufanya mawe kwenye kibofu cha mkojo, kitu ambacho kobayi hupata kwa urahisi. Anakojoa kwa kulia, mkojo unakuwa na damu. Mpe lengalenga mara moja moja, likiwa limechanganywa na majani mengine, lisiwe chakula cha kila siku.

Vilivyo sumu ni lazima nivitaje wazi, kwa kuwa vyote viko nyuani kwetu. Sombe mbichi, yaani majani ya muhogo, ina sumu ya sianidi. Sisi tunaitwanga na kuichemsha saa nzima, kobayi hana jiko. Majani ya viazi mviringo na majani ya nyanya, na viazi vyenyewe vikiwa vimegeuka kijani. Avoka, hasa jani, ganda na kokwa lake. Na hapa avoka huanguka zenyewe mpaka ndani ya banda, kwa hiyo usifugie chini ya mti huo. Vitunguu vya kila aina. Maharagwe makavu ambayo hayajapikwa. Miti ya uzio inayotoa utomvu mweupe, mbarika, na lile ua la barabarani lenye rangi nyingi kwenye shada moja, lantana.

Bugali, wali, mkate na mabaki ya mezani yenye mafuta na chumvi havina nafasi. Sikatai kwamba kobayi wa kijijini amekula maganda jikoni miaka yote na akazaa. Amezaa kwa sababu pia alitoka nje akala majani, na waliokufa hakuna aliyewahesabu.

Chakula cha sungura kinachouzwa kwenye mifuko hakimfai. Sungura hujitengenezea vitamini C, kwa hiyo mtengenezaji hana sababu ya kuiweka. Tena baadhi ya vyakula hivyo vimetiwa dawa za kuzuia magonjwa ya sungura au ya kuku ambazo kwa kobayi ni sumu.

Na maji. Imani kwamba kobayi hanywi maji imeenea kuliko zote, na kwa kiasi fulani inaeleweka: akila nyasi mbichi zenye umande, maji mengi anayapata humo na utaona bakuli halikuguswa. Lakini akila nyasi kavu, au akiwa ananyonyesha, anahitaji kama mililita 100 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Bakuli zito la udongo, lisilopinduka, lioshwe kila siku. Kobayi aliyenyimwa maji hupunguza kula, na umeshaona juu kinachompata asiyekula.

Kiangazi

Wakati wa jua ndipo elimu yote hii inapopimwa. Wa Lubumbashi wana kiangazi kirefu kuliko chetu, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa; wa Goma wana tatizo lao jingine, sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mawe ya volkano na nyasi hutoka mbali kwa pikipiki. Wote tunaishia kwenye nyasi kavu.

Nyasi kavu si chakula cha dhiki. Kwa meno na kwa sekamu ni chakula bora kabisa, na ningependa kila mfugaji awe na akiba yake. Kata nyasi mwezi wa tano zikiwa bado hazijatoa mbegu, zitandaze nyembamba juani, uzigeuze mara kwa mara kwa siku mbili au tatu, kisha uzihifadhi juu ya uchaga, mbali na moshi na unyevu. Zilizokaushwa vizuri hubaki na rangi ya kijani na harufu tamu. Zikiwa kahawia zina vumbi na hazina faida kubwa; zikiwa na ukungu, tupa, usizipe hata mbuzi. Usirundike nyasi mbichi kwenye gunia ukadhani zitakauka zenyewe: zinapata joto ndani, zinavunda, na kobayi akizila tumbo linafura.

Kosa ni kudhani kwamba nyasi kavu ni nyasi mbichi iliyopungua maji tu. Jua na hewa vimeondoa karibu vitamini C yote. Nyuzinyuzi zimebaki, kile kingine kimeondoka. Kwa hiyo kuanzia siku unapofungua akiba ya nyasi kavu, ni lazima kuwe na kitu kibichi pembeni kila siku: matembele kutoka bondeni, kipande cha pera, kipande cha pilipili hoho. Kiasi ni kidogo, lakini kila siku, si Jumamosi kwa Jumamosi.

Vikikosekana kabisa, kuna vidonge vya farmasi. Nunua vitamini C tupu, si ile ya mchanganyiko wa vitamini nyingi, kwa kuwa vitamini A na D zikizidi humdhuru. Kidonge cha miligramu 100 kigawe mara nne, saga robo moja, ipake kwenye jani au itie maji kidogo umnyweshe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya mdomo. Wengi huyeyusha kidonge kwenye bakuli la maji waone wamemaliza. Mwanga na hewa huanza kuivunja vitamini C ndani ya saa chache, chombo cha chuma huharakisha, na kobayi wengi huacha kunywa maji yakibadilika ladha. Unabaki na mnyama asiye na vitamini na mwenye kiu juu yake.

Mvua za mwezi wa tisa zikirudi, hatari inageuka upande wa pili. Watu hufurahi, wanakata majani mabichi ya kwanza, yaliyojaa maji, wanajaza banda. Ule mtungi wa tumboni ulikuwa umezoea nyasi kavu miezi mitatu. Changanya polepole kwa wiki nzima, konzi leo, mbili kesho kutwa. Na majani yaliyokatwa kando ya barabara kuu yana moshi wa magari na mikojo ya mbwa. Yaliyotoka karibu na shamba la nyanya yanaweza kuwa na dawa. Yaoshe, uyapepee yakauke, ndipo umpe.

Jike lenye mimba linahitaji neno lake. Mimba ya kobayi huchukua siku 59 hadi 72, muda mrefu kwa mnyama mdogo hivyo, na watoto huzaliwa na manyoya, macho wazi na meno, tayari kuonja jani siku hiyohiyo. Ili watoke hivyo mama amebeba mzigo mkubwa tumboni, na nafasi ya chakula imepungua. Jike lililonenepeshwa kwa pumba na mkate, kisha likakosa kula hata siku moja karibu na kuzaa, linaweza kufa ghafla kwa sumu inayotokana na mafuta ya mwili wake lenyewe. Lipe nyasi bila kikomo, ongeza majani na pera, usilihamishe banda wala kulibadilishia chakula wiki za mwisho. Linapozaa watoto wanne na lina chuchu mbili tu, watoto walioanza kula majani mapema ndio wanaolipumzisha.

Mizani ndogo ya jikoni itakuambia mengi kabla jicho halijaona. Mpime kila wiki, siku ileile, na uandike. Akipungua sehemu ya kumi ya uzito wake, au manyoya yakisimama, au akilia akishikwa miguu, mwone muganga wa mifugo. Usimpe amoksisilini iliyobaki nyumbani. Amoksisilini, ampisilini na penisilini, dawa tunazozinunua kirahisi kwenye kila kona, zinawaua bakteria wazuri wa sekamu na kuwaacha wale watoao sumu. Kobayi anayezimeza hupata kuhara na mara nyingi hufa ndani ya siku chache, hata kama ugonjwa uliomfanya azipewe ulikuwa mdogo. Mwambie muganga anachokula, kwa majina, na tangu lini hajapata kitu kibichi. Kiseyeye kikigunduliwa mapema, mnyama aliyepewa vitamini C kila siku huanza kusimama tena kwa miguu yake ndani ya wiki moja hivi.